Vidonge vya Dharura vya Kuzuia Mimba: Jinsi ya Kuvipata kwa Wakati, na Pale Mashirika ya Hisani Yanapoweza Kukusaidia

Simu inalia, mtu ananong'ona. Mara nyingi anaanza na "samahani" kabla hata ya salamu. Kwa miaka kadhaa nimejitolea kupokea simu katika shirika dogo la hisani linaloshughulikia afya ya uzazi, na maswali ya leo ni yaleyale ya juzi. Bado ninayo nafasi? Nivipate wapi? Wataniuliza umri? Nikiwa sina pesa je? Vitaniharibu kizazi? Nimeona niyaweke majibu yote mahali pamoja, kwa hatua, maana anayeuliza huwa hana muda wa kusoma kitabu.

Kama jambo limetokea leo au jana, nenda moja kwa moja Hatua ya 1. Mengine utayasoma ukishameza.

Nadharia kidogo tu

Vidonge hivi, ambavyo wengi tumezoea kuviita P2, hufanya kazi kwa kuchelewesha yai lisitoke. Mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku 5 hivi zikingoja yai. Kidonge hulishikilia yai mpaka mbegu ziishiwe nguvu. Yai likishatoka, kidonge hakina tena cha kuchelewesha, na hapo ndipo ilipo haraka yote hii.

Ndiyo maana pia vidonge hivi havitoi mimba. Mwanamke ambaye tayari ni mjamzito akivimeza bila kujua, mimba yake inaendelea, na havijulikani kumdhuru mtoto. Havifungi kizazi wala havileti ugumba. Nayasema haya mapema kwa sababu nimezungumza na wasichana waliokaa na pakiti mkononi siku nzima, wakiogopa kumeza kwa kuwa rafiki aliwaambia hawatazaa tena.

Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Siku na saa ya tendo. Iandike, usiiache kichwani.
- Tarehe hedhi yako ya mwisho ilipoanza, hata kwa kukadiria.
- Majina ya dawa nyingine unazotumia, hasa za kifua kikuu, za kifafa na ARV. Piga picha ya pakiti kama huwezi kuyatamka.
- Kama unanyonyesha, na uzito wako kwa makadirio.
- Simu yenye chaji na salio.
- Pesa yoyote uliyonayo. Kama huna kabisa, bado una njia, tazama Hatua ya 4.

Kama ulibakwa au ulilazimishwa, anza na sehemu yenye kichwa "Ikiwa ulilazimishwa" hapo chini, kwa sababu mpangilio wako ni tofauti.

Hatua ya 1: Hesabu saa

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hesabu. Mtu ameambiwa "ndani ya siku tatu". Tendo lilikuwa Ijumaa usiku, basi anahesabu Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumapili tatu, na Jumatatu asubuhi anakata tamaa kwamba muda umepita. Haujapita. Kama ilikuwa Ijumaa saa 4 usiku, saa 72 zinaishia Jumatatu saa 4 usiku, na saa 120, yaani siku 5 kamili, zinaishia Jumatano saa 4 usiku.

Wapo wanaokosea kwa upande wa pili. Wanasikia "siku tano" na kusema basi nitaenda Jumanne nikipata nafasi. Usingoje. Kidonge kilichomezwa saa 10 baada ya tendo kina nafasi nzuri kuliko kilichomezwa saa 70 baadaye. Kama ni usiku na kuna duka la dawa lililo wazi, nenda usiku huohuo.

Kama ulikutana na mwanaume zaidi ya mara moja tangu hedhi yako ya mwisho bila kinga, hesabu kuanzia mara ya kwanza, halafu mweleze mhudumu ukweli wote. Jibu lake linategemea hilo.

Hatua ya 2: Jua unachokwenda kuomba

Njia zenyewe ni tatu, na ya nne ni ya kubangaiza.

*Levonorgestrel, miligramu 1.5.* Hii ndiyo P2 ya kawaida, ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko nyingine, na katika nchi nyingi huuzwa bila cheti cha daktari. Pakiti nyingi zimeandikwa saa 72. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi siku 5, ila nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda.

*Ulipristal acetate, miligramu 30.* Hufanya kazi hadi saa 120, na katika siku ya nne na ya tano ina nguvu kuliko levonorgestrel. Iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, lakini kuna nchi nyingi ambako bado ni adimu. Ukinyonyesha, maziwa yako hayashauriwi kwa mtoto kwa wiki moja baada ya kuimeza. Yakamue uyamwage ili yasikauke. Mwenye pumu kali anayemeza vidonge vya steroidi haimfai.

*Kitanzi cha shaba,* ambacho wengine hukiita lupu au koili. Kikiwekwa na mhudumu aliyefunzwa ndani ya siku 5, huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, na hakuna kidonge kinachokifikia. Uzuri wake mwingine ni kwamba ukitaka kinabaki mahali pake na kukukinga kwa miaka 10 au zaidi. Watu wengi hawaambiwi kabisa kwamba kitanzi ni njia ya dharura. Kiulizie kwa jina.

Ya kubangaiza ni vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango, na nimeiweka kwenye matatizo mwishoni, kwa siku ambayo milango yote imefungwa.

Kwa vidonge, takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba katika kila wanawake 100 waliovimeza, 1 hadi 2 walipata mimba. Ni kinga nzuri, ila haijatimia. Ndiyo sababu Hatua ya 8 ipo.

Watu wawili wasimame hapa kidogo. Wa kwanza ni anayetumia rifampicin (ya kifua kikuu), carbamazepine, phenytoin au phenobarbital (za kifafa), au efavirenz (ya VVU), au aliyeziacha chini ya wiki 4 zilizopita. Dawa hizi huliharakisha ini kuivunja homoni, kwa hiyo kidonge kimoja huenda kisitoshe. Njia bora kwako ni kitanzi. Kikikosekana, mweleze mfamasia, na kwa kawaida utapewa levonorgestrel mara mbili, yaani miligramu 3 kwa mpigo. Wa pili ni mwenye mwili mkubwa. Levonorgestrel inaweza kupungua nguvu kadiri uzito unavyopanda, na miongozo ya Uingereza inataja kilo 70 kuwa mahali pa kuanza kulifikiria hilo. Ulipristal au kitanzi vinakufaa zaidi, lakini kama kilichopo ni levonorgestrel peke yake, meza. Usiache kwa sababu ya kilo.

Hatua ya 3: Anza na duka la dawa lililo karibu

Watu wengi hupiga simu wakitaka cha bure wakati mfukoni wana pesa ya kukinunua palepale walipo. Kama unaimudu bei, nunua sasa. Usisafiri nusu siku kukimbilia cha bure.

Ukifika sema kwa kifupi: "Naomba vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, levonorgestrel." Huna wajibu wa kusimulia. Maswali ya haki ni haya: tendo lilikuwa lini, hedhi ya mwisho lini, unatumia dawa gani, unanyonyesha? Ni kwa usalama wako, yajibu. Maswali kama umeolewa, mwenzako ni nani, wazazi wanajua, hayahusiani na dawa. Unaweza kusema kwa upole, "Hilo sitalijibu, naomba dawa."

Suala la umri na cheti hutofautiana nchi kwa nchi. Usijihukumu mwenyewe ukiwa bado nyumbani kwamba hutapewa. Nenda ukaulize, au mpigie mtu wa shirika akuambie sheria ya hapo ulipo inasemaje.

Mwanaume anayemnunulia mwenzake naye aende na majibu ya maswali yale ya haki, au amweke mwenzake hewani azungumze na mfamasia. Wengi huuza bila tatizo. Wapo wanaotaka kumsikia mwanamke mwenyewe, ili wajue halazimishwi.

Hatua ya 4: Ikishindikana, piga simu kwa shirika la hisani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hudhani mashirika haya ni kwa ajili ya watu "walioharibikiwa", au kwamba ukiingia utahubiriwa. Hali sivyo ilivyo, na pia mashirika hayafanyi kazi ya aina moja. Ukijua yupi anafanya nini hutapoteza muda kugonga mlango usio wake.

Yapo yenye kliniki. IPPF, shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango lililoanzishwa mwaka 1952, lina vyama wanachama katika nchi nyingi, kila kimoja kikiwa na jina lake la kienyeji. MSI Reproductive Choices, lililoanza London mwaka 1976 likiitwa Marie Stopes, nalo lina kliniki zake. Huko utapata vidonge na, muhimu zaidi, mtu anayeweza kuweka kitanzi. Aliye kwenye siku ya nne aanze simu zake huku.

Yapo yanayopitisha dawa madukani. PSI na DKT International hununua kwa wingi, huweka chapa, kisha husambaza kwa bei ya chini katika maduka ya kawaida. Huenda pakiti uliyonunua kona ya mtaa ilifika pale kwa njia hiyo bila wewe kujua.

Yapo yanayofika kwenye vita, mafuriko na kambi za wakimbizi. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) hutoa matibabu ya waliobakwa bila malipo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, ambalo si la hisani ila hushirikiana nayo, lina masanduku ya dawa yaliyopangwa tayari kwa dharura, na moja kati ya hayo lina vidonge vya dharura pamoja na dawa za kuzuia VVU na magonjwa ya zinaa.

Na yapo yasiyogusa kidonge kabisa: ya wanasheria na wapiga kampeni. Hawa hawatakusaidia usiku wa leo, lakini ndio waliokufungulia duka. Mwaka 1996 mashirika saba, Shirika la Afya Duniani likiwa mojawapo, yaliungana kuisukuma dawa hii isajiliwe katika nchi ambazo makampuni hayakuona faida ya kuipeleka. Nchini Marekani ilihitajika kesi ndefu mahakamani, iliyofunguliwa na shirika la Center for Reproductive Rights mwaka 2005, mpaka jaji alipoamuru mwaka 2013 kwamba levonorgestrel iuzwe bila cheti na bila kikomo cha umri. Uingereza, mwaka 2017, shirika la hisani la ushauri wa ujauzito, BPAS, lilipiga kelele juu ya bei hadi maduka makubwa ya dawa yakaishusha. Honduras iliipiga marufuku kabisa mwaka 2009, na wanawake wa huko walisubiri hadi 2023 marufuku ikaondolewa. Ufaransa nayo, tangu Januari 2023, kila mwanamke anaipata bure dukani, bila kujali umri. Aliyekuambia dawa hii "imeletwa tu" hakukuambia habari yote.

Sasa simu yenyewe. Ukipiga, uliza maswali haya manne kwa mpangilio huu:

a) "Je, ninyi wenyewe mnatoa vidonge vya dharura au mnaweka kitanzi?" Hili ni la lazima. Kuna vituo vinavyojitangaza kutoa ushauri wa bure wa ujauzito, ambavyo havitoi kinga yoyote na lengo lake ni kukuchelewesha. Wakianza kuzunguka, wakisema "njoo kwanza tuzungumze" bila kujibu, kata simu upige kwingine.

b) "Mnayo leo?" Akiba huisha. Nimewahi kumwelekeza dada mmoja kwenye kliniki ya washirika wetu bila kuuliza swali hili. Alifika akakuta rafu tupu, akapoteza asubuhi nzima. Tangu siku hiyo sielekezi mtu kabla ya kupiga mwenyewe.

c) "Mnafunga saa ngapi, na nimtafute nani?"

d) "Nikiwa sina pesa itakuwaje?" Sema wazi. Mengi yana utaratibu wa kusamehe ada au kukuelekeza kituo cha serikali kinachotoa bure. Mhudumu hawezi kuujua uhitaji uliouficha.

Kama simu yako inashikwa na wengine nyumbani, mwambie mpokeaji asikupigie na asikutumie ujumbe. Sisi tumezoea ombi hilo, hatuliulizii sababu.

Hatua ya 5: Kagua pakiti kabla ya kulipa

Igeuze. Tafuta jina la dawa, herufi kwa herufi, kisha miligramu, kisha tarehe ya mwisho wa matumizi. Karatasi inayong'aa iliyofunika kidonge isiwe imetobolewa. Kidonge kilichokatwa na kuuzwa bila boksi, huku tarehe ikiwa imebaki kwenye kipande kingine, usikichukue kama una njia nyingine.

Ukikuta vidonge viwili vya miligramu 0.75, usishtuke, ni dozi ileile. Vikaratasi vya zamani husema meza kimoja, kingine baada ya saa 12. Meza vyote viwili kwa pamoja. Vinafanya kazi sawasawa, na hutasahau cha pili.

Hatua ya 6: Meza, kisha angalia saa

Meza palepale dukani kama unaweza, omba maji. Si lazima uwe umekula, ila kama tumbo lako ni jepesi kitu kidogo husaidia kichefuchefu. Andika saa uliyomeza.

Ukitapika ndani ya saa 2 kwa levonorgestrel, au saa 3 kwa ulipristal, rudia dozi nzima mapema iwezekanavyo. Baadhi ya vikaratasi husema saa 3 kwa zote mbili. Ukiwa katikati, rudia. Duka au shirika lililokupa liambie, na uombe dawa ya kuzuia kutapika kabla ya dozi ya pili.

Usichanganye levonorgestrel na ulipristal ukidhani mbili ni bora kuliko moja. Zinapingana.

Hatua ya 7: Siku zinazofuata

Kichwa kuuma, kichefuchefu, matiti kujaa, uchovu, matone ya damu: haya huja na kuondoka baada ya siku moja au mbili. Matone ya damu si hedhi na si uthibitisho kwamba dawa imefanya kazi. Hedhi yenyewe inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa.

Kidonge kimelichelewesha yai, hakijalifuta. Kwa hiyo tendo la keshokutwa bila kinga linaweza kukutana na yai hilohilo likitoka. Wengi wanaopata mimba baada ya kumeza wanaipata hapa. Tumia kondomu. Kama umemeza levonorgestrel, unaweza kuanza vidonge, sindano au kipandikizi siku hiyohiyo, na kondomu kwa siku 7. Kama ulimeza ulipristal, ngoja siku 5 kabla ya kuanza njia ya homoni, ukitumia kondomu siku hizo zote na siku 7 za mwanzo za njia mpya.

Hatua ya 8: Pima

Hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7, au ikija nyepesi isivyo kawaida yako, pima mimba. Kipimo kilichofanywa wiki 3 baada ya tendo ndicho cha kuaminika. Kupima kesho yake ni kutupa kipimo bure.

Hatua ya 9: Omba pakiti ya akiba

Ukishatulia, rudi kwenye shirika au duka uombe pakiti ya kuweka nyumbani. Mashirika mengi hutoa. Tafiti zimeonyesha kwamba wanawake wenye pakiti ndani huimeza mapema zaidi, na hawawi wazembe wa kondomu kwa sababu hiyo. Iweke pakavu, mbali na joto, na andika tarehe yake ya mwisho kwa kalamu kubwa juu ya boksi.

Ikiwa ulilazimishwa

Pole sana. Haikuwa kosa lako. Nenda hospitali au kwenye kituo cha shirika linalotibu waliobakwa kabla ya duka la dawa, kwa sababu unahitaji zaidi ya P2. Dawa za kuzuia VVU (PEP) zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Kuna dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na matibabu ya majeraha.

Ukiweza, usioge kwanza, na nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Lakini kama umeshaoga, nenda vilevile. Matibabu hayategemei ushahidi. Mtu akikuambia uanze polisi, omba dawa kwanza, kwa maneno hayohayo: "Naomba dawa kwanza, saa zinakwenda." Mashirika mengi yana mtu wa kukusindikiza hospitalini. Mwombe. Kuwa na mtu wa pili anayekusemea pale unaposhindwa ni msaada mkubwa kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Mambo yakienda mrama

*Muuzaji amekataa kuniuzia.* Usibishane, saa zinakwenda. Muulize duka gani jingine wanauza, ondoka, kisha liambie shirika jina la duka hilo baadaye. Msichana mmoja alitakiwa na muuzaji alete barua ya mume. Alitupigia akiwa bado mlangoni mwa duka, tukampa duka la pili, akameza ndani ya dakika 40.

*Ni usiku, kila mahali pamefungwa, nina vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango tu.* Hii ndiyo njia ya kubangaiza, inayobeba jina la daktari wa Kanada, Albert Yuzpe, aliyeichunguza miaka ya 1970. Soma pakiti. Kama kila kidonge kina ethinylestradiol mikrogramu 30 na levonorgestrel miligramu 0.15, meza 4 sasa na 4 baada ya saa 12. Hesabu vile vyenye homoni peke yake. Vile vya rangi ya kahawia vya mwisho wa pakiti huwa ni vya madini ya chuma na havikingi chochote. Kichefuchefu kitakuwa kikubwa na kinga ni ndogo kuliko ya P2. Asubuhi ukipata kitanzi ndani ya siku 5, nenda ukakiweke. Majina na vipimo vya pakiti yako vikiwa tofauti na hivi, usikisie, piga simu.

*Nimepita siku 5.* Vidonge havitasaidia tena. Zungumza na kliniki hata hivyo, maana kuna hali ambazo kitanzi bado kinawezekana kutegemea siku ya yai kutoka. Vinginevyo weka tarehe ya kupima.

*Nimemeza mara mbili mwezi huu, nitaumwa?* Kurudia hakujulikani kuleta madhara, ila hedhi itavurugika, na kinga ni hafifu kuliko njia ya kawaida ya uzazi wa mpango. Simu hiyo ukiipiga, sisi hatutakugombeza. Tutakuuliza ni nini kinachokuzuia kupata njia ya kila siku.

*Tumbo la chini linauma sana, upande mmoja, wiki 3 hadi 5 baadaye, au nazimia.* Huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Nenda hospitali sasa hivi, usipige simu kwetu kwanza.

*Kipimo kimeonyesha mimba.* Kidonge ulichomeza hakijaidhuru. Nenda kliniki wakueleze hatua zako kwa utulivu. Huhitaji kuamua chochote siku ya kwanza.

Kwa anayetaka kusaidia

Ukitaka kuchangia, uliza shirika linakosa nini kabla ya kutoa. Mara nyingi pengo ni nauli ya kumfikisha mtu kliniki, au salio la simu, kuliko vidonge vyenyewe.

Ukijitolea kupokea simu, weka daftari lenye safu nne: saa ya tendo, saa ya simu, alikoelekezwa, na kama alipata. Jibu lako la kwanza liwe "Hujachelewa kupiga," la pili liwe "Ilikuwa saa ngapi?" Kama amekuruhusu kumpigia, mpigie baada ya saa 3 umuulize jambo moja: kidonge kimekaa tumboni?